Kabla ya Mjomba Kufika na Televisheni



Wiki mbili zilizopita nilipokea barua ya mama mmoja wa Buyenzi, mjini Bujumbura, iliyoandikwa kwa mwandiko safi juu ya karatasi za daftari la mwanawe. Mama huyo ni mshonaji. Asema kwamba kaka yake aliyeko Brussels, Ubelgiji, atakuja likizo mwishoni mwa mwaka, naye ameahidi kutoa nusu ya bei ya televisheni mpya, mradi nusu ya pili itoke kwao wenyewe. Nusu hiyo itatoka katika zamu yake ya kikundi cha akiba, ambayo humfikia mara moja tu kwa mwaka. Mumewe apenda habari na kandanda. Kijana wao, anayemaliza shule ya sekondari, anayo mashine ya michezo ya PlayStation 5 aliyopewa na mjomba huyo huyo, wala hataki kusikia jina jingine ila OLED. "Bibi," auliza mama yule, "hiyo OLED ni mali kweli, au ni jina la kutufungua mifuko?"

Swali hili si la mama mmoja. Barua za namna hii zimekuwa nyingi siku hizi, na wengi wa waandikao hunieleza mwishoni, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba fedha zenyewe zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya bati au karo. Kwa hiyo nitajibu kwa urefu.

Tuanze na lile neno lenyewe, maana ndipo wanunuzi wengi wanapopotezwa. Televisheni nyingi tulizo nazo majumbani ni za LCD. Ndani yake mna taa zinazowaka nyuma, na mbele ya taa hizo pana kioo chenye nukta ndogo sana ambazo kazi yake ni kufungua na kufunga njia ya mwanga, kama vile mtu afungavyo na kufunguavyo vibao vya dirisha. Ubaya wa dirisha ni kwamba hata likifungwa sana, mwanga haukosi kupenya. Ndiyo sababu usiku, taa za chumba zikizimwa, weusi wa LCD huonekana kama majivu. Televisheni ya OLED haina taa za nyuma kabisa. Kila nukta hujiwakia yenyewe, kwa sababu imetengenezwa kwa kemikali za jamii ya kaboni ambazo zikipitishiwa umeme hutoa nuru. Nukta isiyopewa umeme imezimika. Katika televisheni ya 4K nukta hizo ni zaidi ya milioni 8, na kila moja yaweza kuzimwa peke yake huku jirani yake ikiwaka kwa nguvu zote. Nyota ikionyeshwa katika anga la usiku, nyota hung'aa na anga likabaki jeusi tititi, bila ule ukungu wa mwanga unaozunguka vitu katika televisheni zetu za zamani.

Sasa tazameni hila ya herufi. Televisheni iliyoandikwa "LED" ni LCD ambayo taa zake za nyuma ni za LED. Iliyoandikwa "QLED" pia ni LCD, ila imewekewa utando wa chembe ndogo mno za kuzidisha rangi. "QNED" na "NanoCell" nazo ni LCD. Zimo nzuri sana miongoni mwa hizo, wala sizitukani. Lakini mtu aliyelipa bei ya OLED akapewa QLED ameibiwa, na aliyemwibia ametumia mkia mmoja tu wa herufi O. Mama, mwambie kaka yako asome karatasi ya kifaa, asisome bango la dukani. Na kama muuzaji akisita, mwombe azime taa za duka kisha aonyeshe picha nyeusi tupu. Kioo cha OLED kitapotea gizani hata usijue mpaka wake na ukuta.

Ufundi huu si wa jana. Mwaka 1987 wanakemia wawili wa kampuni ya Kodak mjini Rochester, Marekani, Ching Tang na Steven Van Slyke, walitangaza kifaa cha kwanza cha aina hii kilichofanya kazi kwa umeme mdogo. Ilichukua miaka 20 hadi kampuni ya Sony ilipouza televisheni ya kwanza ya OLED, mwaka 2007, nayo ilikuwa na kioo cha inchi 11 tu, chembamba cha milimita 3, kwa bei ya kutisha. Mwaka 2013 LG ilileta ya inchi 55. Samsung nayo ilijaribu mwaka huo huo, ikaacha, ikarudi mwaka 2022 na aina nyingine iitwayo QD-OLED, ambayo nuru yake ya asili ni ya buluu na chembe maalumu huigeuza kuwa nyekundu na kijani. Aina ile ya LG hutoa nuru nyeupe inayopita katika vichujio vya rangi. Mnunuzi wa kawaida hahitaji kujua zaidi ya hapo, isipokuwa mambo mawili. La kwanza, QD-OLED nyingi, zikiwekwa katika chumba chenye mwanga mwingi, weusi wake hugeuka kidogo kuwa wa kijivu au wa zambarau, kwa kuwa kioo chake hakina utando wa kumeza mwanga wa nje. La pili, aina zote mbili hupanga nukta zake za rangi tofauti na LCD ya kawaida, kwa hiyo maandishi madogo ya kompyuta yaweza kuonekana yana pindo la rangi. Kijana atakayeandika kazi za shule kwa saa nyingi juu ya kioo hicho atalitambua.

Nije kwa kijana mwenyewe, maana yeye ndiye aliyeanzisha kelele, na haki yake naye apewe. Katika michezo ya video OLED ina ubora usiobishaniwa. Nukta ya LCD huchukua muda kugeuka kutoka rangi moja hadi nyingine, na muda huo, ingawa ni sehemu chache tu za elfu za sekunde, huacha mkia nyuma ya kila kitu kinachokwenda mbio. Mpira ukipigwa, huvuta kivuli. Nukta ya OLED hugeuka kwa muda ulio chini kabisa ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mkia haupo. Mchezaji huona wazi aliyejificha pembeni hata wakati anageuza shingo ya mchezo kwa haraka.

Lakini wepesi wa nukta peke yake hautoshi. Yapasa pia kutazama ni picha ngapi televisheni yaweza kuonyesha katika sekunde moja. Televisheni za kawaida huonyesha 60. PlayStation 5 na Xbox Series X, zote mbili za mwaka 2020, zaweza kutoa hadi 120, na OLED nyingi za leo hupokea 120 au zaidi, mradi tundu la HDMI ni la namba 2.1. Hapa pana mtego mwingine. Si kila tundu lililo nyuma ya televisheni lina uwezo huo. Ziko televisheni zenye matundu manne ambapo mawili tu ndiyo ya kiwango cha juu, na moja kati ya hayo mawili ndilo lile lile litakiwalo na spika za nje. Aghalabu kijana huchomeka mashine yake katika tundu lolote, kisha hulalamika mwaka mzima kwamba hakuona tofauti yoyote. Yafaa pia kutafuta sifa iitwayo VRR, ambayo huifanya televisheni iifuate mashine ya michezo inapochelewa au inapoharakisha picha, ili picha isikatike katikati. Nayo ina kasoro yake. Katika sehemu zenye giza sana za mchezo, baadhi ya OLED hucheza-cheza mwanga wakati VRR inafanya kazi. Siyo ugonjwa wa kifaa, wala si sababu ya kukirudisha dukani.

Kisha iko hali ya mchezo katika orodha ya mipangilio. Isipowashwa, televisheni hujishughulisha kuipamba kila picha kabla ya kuionyesha, na padi ikibonyezwa, mchezaji wa kwenye kioo hutii kwa kuchelewa. Nimemwona mvulana akitupa padi chini kwa hasira, akidai mwenzake anamdanganya, kumbe televisheni ya baba yake ilikuwa bado katika hali ya sinema.

Sasa sinema na kandanda. Kwa sinema za usiku sijaona kilicho bora kuliko OLED, na nimezitazama nyingi. Jambo moja tu huwashangaza wageni wake. Sinema hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, na kwa kuwa nukta za OLED hazina mkia wa kuziba pengo kati ya picha na picha, kamera ikipita polepole juu ya mji au msitu, mandhari huonekana kurukaruka. Ipo mipangilio ya kulainisha mwendo, nayo iwekwe kiwango cha chini, kwani ikizidishwa sinema hufanana na tamthilia ya bei rahisi. Kandanda nayo ni nzuri, lakini hapa nitasema neno ambalo wenye maduka hawatalipenda. Televisheni haiwezi kuongeza kile kisichokuwamo katika matangazo. Mechi iliyoletwa na kisimbuzi cha zamani kwa mistari michache, ikitandazwa juu ya kioo cha inchi 65 chenye nukta milioni 8, itaonekana kama kitambaa cha khanga kilichofuliwa mara mia. Wala intaneti si mkato wa bure. Netflix yenyewe hutaka mwendo wa megabiti 15 kwa sekunde kwa picha za 4K, na saa moja ya picha hizo yaweza kula gigabaiti 7. Mwenye kununua vifurushi vya simu kwa wiki na apige hesabu hiyo kabla, wala si baada.

Tufike sasa katika kiini cha jambo, ambacho ndicho kilichonifanya niandike kwa urefu huu.

Nukta za OLED huchakaa. Kila moja hupungua nuru kwa kadiri ilivyowaka, na zile za buluu huchoka upesi kuliko nyingine. Kama nukta zote zingechoka sawasawa, jicho lisingegundua neno. Hatari ni pale sehemu moja ya kioo inapowashwa kitu kile kile kila siku: nembo ya kituo cha habari pembeni, utepe wa habari chini, ubao wa magoli juu, ramani ndogo ya mchezo wa video. Baada ya saa nyingi sana, mahali hapo huacha alama isiyofutika.

Jirani yangu mmoja aliinunua OLED ya inchi 55 iliyokwisha kutumika, kwa bei ambayo sote tulimwonea wivu. Muuzaji alimwambia ilikuwa ya familia moja iliyohama. Jioni ya kwanza tulialikwa kutazama mechi. Uwanja ulipojaa kioo kizima kwa kijani chake, tuliona sote, pembeni juu, kivuli cha nembo ya kituo ambacho hatukuwa tukikitazama, na chini utepe mzima, kama alama ya sahani iliyokaa muda mrefu juu ya meza ya mbao. Televisheni ile haikuwa ya familia yoyote. Ilikuwa imetundikwa mahali pa kupokea wageni, ikiwaka kutwa kucha juu ya kituo kimoja cha habari. Jirani alinyamaza mpaka mechi ikaisha. Mkewe ndiye aliyesema, akikusanya vikombe, kwamba fedha zile zilikuwa za mabati ya jiko.

Kwa hiyo, anayenunua OLED iliyotumika, au ile iliyokuwa ya maonyesho dukani, aende na flashi yenye picha za rangi moja tupu, ya kijivu, nyekundu, kijani na buluu, azionyeshe moja baada ya nyingine katika chumba chenye giza. Kivuli kikiwapo kitajitokeza. Tena katika baadhi ya televisheni, fundi aweza kuonyesha katika orodha ya taarifa ni saa ngapi kifaa kimewaka. Televisheni ya nyumbani inayotazamwa saa 5 kwa siku haifiki saa 2,000 kwa mwaka. Ukiona saa 15,000 katika kifaa kinachosemwa ni cha miaka mitatu, jua kilipokuwa.

Watengenezaji hawakukaa kimya juu ya ugonjwa huu. Televisheni za leo hupunguza nuru ya nembo zenyewe, husogeza picha kidogo kidogo bila mtazamaji kujua, na baada ya kila saa kama 4 za matumizi hujisafisha kwa dakika chache zikishazimwa. Katika kujisafisha huko hupima hali ya nukta na kusawazisha umeme wake. Na hapa, wasomaji wangu, pana jambo ambalo sijaliona likiandikwa katika kijitabu chochote kwa ajili yetu. Kazi hiyo hufanyika televisheni ikiwa imezimwa kwa rimoti lakini bado inapata umeme. Sisi je, hufanya nini? Kipindi kikiisha, baba huinuka akachomoa waya ukutani, kwa kuogopa radi na kwa kuogopa umeme ulioondoka kurudi na ghadhabu. Desturi hiyo ni ya busara kwa kila kifaa nyumbani, lakini OLED inayochomolewa kila usiku mara tu inapozimwa haipati nafasi ya kujisafisha hata siku moja.

Dawa yake si kuacha kuchomoa. Zima kwa rimoti, mkaoshe vyombo, mkafunge milango, na baada ya nusu saa mchomoe waya. Umeme ukikatika katikati ya kipindi, basi ukirudi uiache televisheni ikiwa imezimwa kwa rimoti lakini imechomekwa, walau kwa nusu saa hiyo hiyo. Na kati ya ukuta na televisheni pawe na kifaa cha kutuliza umeme, kile ambacho mafundi hukiita stabilaiza, chenye nguvu iliyozidi mahitaji ya televisheni. Televisheni nyingi za kisasa huvumilia umeme wa kutoka volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme mdogo si adui yake mkubwa. Adui ni ule unaoruka juu ghafula.

Sasa nirudi kwa mama yetu wa Buyenzi, maana katika barua yake mna sentensi moja ambayo pengine hakuipa uzito. Asema kwamba cherehani yake iko sebuleni, karibu na dirisha kubwa, na kwamba televisheni ya sasa huwaka tangu asubuhi "ili nisikie watu wakizungumza huku nashona." Kituo anachokipenda ni cha habari.

Mama, sentensi hiyo imekata shauri lote. Umeelezea, bila kukusudia, mazingira ambayo OLED haiyapendi hata kidogo. Mchana, mwanga wa dirishani humezwa na kioo, na ule weusi uliolipiwa fedha nyingi hauonekani. Picha nyeupe ikijaa kioo kizima, OLED hujipunguza mwanga yenyewe ili isipate joto kupita kiasi, wakati LCD nzuri yenye taa ndogo ndogo nyingi za nyuma huendelea kung'aa. Na juu ya hayo, nembo ile ile na utepe ule ule, saa 8 au 9 kila siku, mwaka baada ya mwaka. Kwa zamu moja ya kikundi huwezi kununua kifaa ili ukichome hivyo. Kama televisheni mpya ndiyo itakayowaka mchana kutwa, nunua LCD, ya heshima, wala usione haya mbele ya mtu. Kwa bei ya OLED moja ya inchi 55 mara nyingi hupatikana LCD mbili za ukubwa huo, na pengine tatu zikiwa za kawaida. Kijana atanuna kwa wiki moja.

Ila umeandika pia kwamba televisheni ya zamani bado nzima, na kwamba mumeo anafikiri kuiuza. Asiiuze. Kwa fedha kidogo atakazopata hatanunua hata stabilaiza. Ibaki palepale karibu na cherehani, ikuzungumzie mchana, na ile mpya ikae ukuta wa pili, iwashwe jioni kwa taarifa ya habari, kandanda, sinema na mchezo wa kijana. Ikitumika namna hiyo, kwa mambo yanayobadilika-badilika, sioni sababu ya kuiogopa OLED, na nyumba itapata kifaa ambacho kila mmoja atafurahi kukaa mbele yake.

Ukubwa wake? Umesema kutoka ukutani hadi kwenye viti ni hatua tatu. Nizichukue kuwa mita 2 na robo hivi. Kwa umbali huo inchi 55 yatosha kabisa. Inchi 65 itawafanya wageni wageuze shingo. Iko ya inchi 48, na kijana atakutajia hata ya 42, kwa kuwa hizo hupendwa na wachezaji wanaokaa karibu. Lakini ulizia bei kwanza, maana mara nyingi ya 48 hukaribia bei ya 55, kwa sababu hutengenezwa chache. Na kama atakuletea habari za vile vioo vya kompyuta vya OLED, vya inchi 27 au 32, vyenye mwendo wa picha 240 kwa sekunde na zaidi, mwulize maswali matatu: spika zake ziko wapi, rimoti yake iko wapi, na baba yake atatazama wapi taarifa ya habari. Vingi havina kipokeo cha matangazo, na baadhi havina sauti kabisa. Ni vyombo vya mtu mmoja mezani pake. Tena PlayStation 5 haiwezi kutoa zaidi ya picha 120 kwa sekunde, kwa hiyo hizo nyingine zingekuwa za kusifiwa tu.

Liko bado swali la mahali pa kununua. Kaka yako atataka kuinunua Brussels, kwa kuwa bei huko huenda ikaonekana nafuu, na sheria ya nchi za Umoja wa Ulaya humpa mnunuzi dhamana ya miaka miwili. Umeme wa Ubelgiji na wa Burundi haupishani kiasi cha kuleta shida. Lakini dhamana hiyo iko kwa muuzaji wa Brussels, na televisheni ikiugua Buyenzi, nani atairudisha? Kisha kioo cha OLED ni chembamba kama biskuti. Yapasa kisafirishwe kimesimama wima ndani ya boksi lake la asili, kisilazwe, wala kisiwekewe kitu juu. Boksi la inchi 55 lina urefu wa zaidi ya mita moja na robo, na sijui ni ndege gani itakayolipokea kama mzigo wa abiria bila malipo ya kuumiza. Zile zinazoletwa kwa meli hadi Dar es Salaam husafiri tena kwa lori zaidi ya kilomita elfu moja kabla hazijatufikia, na katika safari hiyo aliyebeba hatari ni mfanyabiashara, siyo wewe. Mimi ningemwomba kaka alete nusu yake kama fedha taslimu, mnunue mjini kwenu kwa mtu mwenye duka lisilohama, boksi lifunguliwe mbele yenu, picha zile za rangi moja zionyeshwe pale pale, na risiti iandikwe namba ya kifaa, muda wa dhamana, na neno moja zaidi: kama dhamana inahusu alama za kuungua kwa kioo au la. Wauzaji wengi hulitenga jambo hilo kimyakimya. Likiandikwa, hakuna ubishi siku ya kurudi.

Kijana naye ana sharti lake. Michezo mingi humruhusu mchezaji kuficha au kufifisha ubao wa magoli na ramani, naye afanye hivyo. Akienda kula asiache mchezo umesimama kwenye kioo, azime. Na mchezo mmoja usichezwe kwa saa 6 kila siku ya Mungu katika likizo nzima. Sharti hili la mwisho ningelitoa hata kama televisheni ingekuwa ya mbao.

Kabla fedha hazijatoka, mama, chukua ule utepe wako wa kupimia nguo, upime ukuta wa pili. Televisheni ya inchi 55 ina upana wa sentimita kama 123, na miguu ya baadhi yake iko mbali mbali kiasi kwamba meza fupi haiipokei. Pima pia kutoka soketi ya umeme hadi hapo itakapokaa, ili usije ukalazimika kuipitisha waya chini ya mkeka. Nitumie vipimo hivyo pamoja na jina la duka mlilolifikiria, nami nitakujibu kwa barua ya pembeni, maana jina la duka si la gazetini.